Redio ya kiwandani inawaka vizuri lakini spika zote kimya

Kimya_Kingi
Wakuu habari zenu. Naombeni msaada kabla sijaanza kubomoa dashibodi. Gari langu ni saluni ya zamani kidogo, na redio ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, ya CD na AUX. Inawaka, saa haipotei, stesheni zinaonekana kwenye kioo, CD inazunguka na dakika zinahesabika. Sauti ndiyo hakuna. Spika zote nne zimenyamaza, hata ule mkwaruzo wa stesheni isiyoshika sisikii.

Haikuanza kwa mara moja. Ilikuwa inakata na kurudi, hasa nikipita kwenye matuta au nikibamiza mlango. Nazima redio, nawasha, inarudi. Sasa imegoma moja kwa moja. Fyuzi ya redio nimeichomoa nikaitazama, ni nzima. Jirani anasema spika zimekufa, ninunue seti nyingine. Mnasemaje?

Msafiri_wa_Usiku
Anza na vya bure mkuu. Tazama mgao wa sauti, mbele na nyuma, kulia na kushoto, usikute mtoto kachezea vitufe. Bonyeza cha kunyamazisha mara moja uone. Ikigoma, chomoa betri dakika kumi urudishe, mara nyingine hizi redio zinaganda tu.

Fundi_Nyaya
Hapo kwenye betri ngoja kwanza. Redio nyingi za kiwandani zina namba ya siri. Ukizikatia umeme zinarudi zimejifunga, kioo kinaandika CODE, na kama namba huna, sasa una matatizo mawili. Tafuteni kadi yake kwanza, mara nyingi imechomekwa ndani ya kitabu cha gari.

Nije kwa mwenye swali. Jirani yako mpe pole, spika nne hazifi saa moja. Ikifa moja, tatu zinaendelea kuimba. Zikinyamaza zote kwa pamoja, tafuta pale zinapokutana, yaani amplifaya, kile kifaa cha kukuza sauti kilichomo ndani ya redio. Na kwa jinsi ulivyoeleza, hiyo sidhani kama imeungua. Imejizima yenyewe kwa kujikinga.

Iko hivi. Kwenye redio hizi waya hasi wa spika si ethi, yaani haukuungwa na bodi ya gari, na watu wengi hapo ndipo wanapoharibu. Nyaya zote mbili za spika zina umeme. Redio ikiwa inacheza, pima waya wowote kati ya hiyo miwili dhidi ya bodi ya gari, utakuta karibu nusu ya volti za betri, kama 6. Spika haiungui kwa sababu pande zote mbili zina kiasi kile kile. Lakini mmoja ukigusa chuma cha gari, hiyo ni shoti, na IC (chipu) ya amplifaya inafunga ili isiungue. Redio nyingi zikifika hapo hunyamazisha spika zote, si ile yenye kosa peke yake. Kioo kinaendelea kuwaka kama hakuna kilichotokea, kwa kuwa fyuzi haina ugomvi na mtu.

Sasa niambie: ni mlango upi ukiubamiza sauti inakata? Na je, gari lina amplifaya ya pembeni, chini ya kiti au kwenye buti?

Kimya_Kingi
Mlango wa dereva. Amplifaya ya pembeni hakuna, nimechungulia kote. Kadi ya CODE ninayo, na mita ya dijitali ninayo. Naanzia wapi?

Mzee_wa_Besi
Mnajisumbua. Hizo redio za kiwandani ni za kutoa, funga nyingine yenye nguvu maisha yaendelee.

Fundi_Nyaya
@Mzee_wa_Besi akiifunga kwenye nyaya zenye shoti, hiyo mpya nayo itajifunga siku hiyo hiyo. Ikiwa hafifu, itaungua kabisa.

@Kimya_Kingi zima gari, toa ufunguo, vuta redio nje, chomoa plagi yake ya nyuma. Hapo umeshaikatia umeme, kwa hiyo kadi yako utaihitaji. Weka mita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani. Ncha moja ishike chuma kitupu cha bodi, pasiwe na rangi. Ncha nyingine pitisha kwenye nyaya za spika, moja baada ya nyingine, upande wa plagi inayobaki garini. Mchoro ulioko juu ya redio huonesha zipi ni za spika. Ziko nane. Nyaya nzima hazioneshi kitu.

Ukiwepo mmoja wenye shoti utaona mbili zinasoma, usichanganyikiwe. Ule unaosoma karibu na sifuri ndio unaogusa bodi. Mwenzake atasoma kama omu 4, kwa sababu mita inazunguka kupitia koili ya spika. Halafu mtu akufungulie na kukufungia mlango wa dereva polepole huku unaitazama mita. Namba zikirukaruka, acha kutafuta kwingine, nenda kwenye ule mpira unaofunika nyaya kati ya mlango na bodi.

Kimya_Kingi
Fundi una macho huko ulipo? Nyaya sita hazioneshi kitu. Mbili za mlango wa dereva, mmoja 0.4, mwenzake 3.9. Mlango ukiwa wazi kabisa zote mbili zinapotea, nikiufunga zinarudi.

Nimeuvuta ule mpira. Waya umepasuka ngozi pale pale unapojikunja, shaba imeshageuka kijani, na nywele zake chache zinagusa ukingo wa tundu la chuma. Nizungushie tepu?

Fundi_Nyaya
Tepu hapo haikai, mlango unafunguliwa kila siku na gundi yake inalegea kwa joto. Kata kipande kibovu chote mpaka ufikie shaba inayong'aa. Ingiza kipande kipya cha waya laini wa nyuzi nyingi, na acha urefu wa kutosha ili viungio vyote viwili visikae kwenye mkunjo. Kimoja kiwe ndani ya mlango, kingine ndani ya bodi. Chomelea kwa solda, funika kwa plastiki ya kusinyaa kwa moto, na usisahau kuipitisha kwenye waya kabla ya kuunganisha, la sivyo utachomoa tena.

Kagua na nyaya zingine humo. Za kioo cha dirisha na za kitasa zinapita mpira huo huo na umri wao ni mmoja. Pima tena huku mlango ukichezeshwa, ndipo urudishe plagi.

Kimya_Kingi
Imeimba! Zote nne. Waya mmoja wa kioo nao ulikuwa umeanza kupasuka, nimeubadilisha hapo hapo. Ahsante sana fundi.

Tandala
Nami nidandie hapa. Yangu ina amplifaya kwenye buti, dalili ni hizo hizo, ila imeanza baada ya mvua kubwa.

Fundi_Nyaya
Inua zulia la buti kabla ya kupima chochote, maana maji hutuama pale pale amplifaya ilipofungwa. Ikiwa pamekauka, amplifaya ina fyuzi yake, tofauti na ya redio. Kwenye plagi yake tafuta volti 12 za kudumu, ethi isiyo na kutu, na ule waya unaopata volti 12 redio inapowashwa. Huo usipopata kitu, amplifaya haijui kama redio imewaka.

Lakini ukikuta kebo nyembamba yenye mwanga mwekundu kwenye ncha badala ya waya wa shaba, weka mita kando. Hiyo ni mfumo wa mwanga, vifaa vimeungwa kwa duara, kimoja kikifa vyote vinanyamaza. Usiikunje kwa nguvu, na utuandikie hapa ni gari gani.