Nimeambiwa nina ADHD nikiwa na miaka 34: nianze Mirembe, nirudi Dar au nitafute mtu wa mtandaoni?

ZabibuKavu
Mbukwenyi wakuu. Naombeni mnichambulie hili maana mwenzenu nikikwama huwa naahirisha mpaka jambo linaoza.

Miezi miwili nyuma nilikuwa Dar kwa mafunzo ya ofisi, nikajipeleka kwa daktari bingwa wa akili baada ya mama watoto kunisukuma mwaka mzima. Maswali marefu, akampigia hadi bi mkubwa wangu kumuuliza nilikuwaje darasa la tatu, na bi mkubwa bila hiyana akamwambia "huyo alikuwa anarudi nyumbani na kiatu kimoja". Mwisho dokta akasema ni ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kushika umakini au kutulia, ninayo toka utoto ila hakuna aliyeigundua. Nikacheka. Nilivyoingia kwenye bajaji nikalia aisee. Miaka yote naitwa mzembe, nimeshawahi kulipa faini ya mkopo wa SACCOS na hela ilikuwepo kwenye simu, nilisahau tu kutuma. Madokezo yanalala mezani kwangu mpaka bosi anakuja kuyachukua mwenyewe.

Sasa nilipewa vidonge vya mwezi mmoja, vimeisha, nipo Dodoma. Njia ninazoziona:

Ya kwanza Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma. Ni karibu na bima ninayo. Ila nyie mnajua mji huu, mtu akikosea hesabu dukani tu anaambiwa arudi Mirembe. Mtu wa ofisini akinikuta pale si nimekwisha?

Ya pili kurudi Dar kwa yule yule dokta. Treni 31,000 kwenda, 31,000 kurudi, bado chakula na bajaji na kuomba ruhusa kazini kila mwezi.

Ya tatu mwanasaikolojia wa kwenye simu kwa video. Nimeelewana na mmoja bei ila yeye dawa haandiki.

Nani kapita huku?

MamaPacha_Kisasa
Mdogo wangu pole, na hongera pia kwa kujipeleka, wanaume wengi hadi wabebwe.

Mimi niko mwaka wa pili nahudhuria kliniki Mirembe. Siku ya kwanza nilivaa miwani myeusi na ushungi nimeuvuta mpaka puani kama naenda kukwapua kitu, nimekaa kwenye benchi nainua macho namuona mwalimu wa wanangu naye kakaa kajiinamia. Tukajifanya hatujuani. Mara ya pili tukasalimiana, sasa hivi anayewahi anamshikia mwenzie nafasi. Yaani anayekukuta pale na yeye kafuata kitu, au kamleta mtu, akusemee wapi? Wengi kwenye foleni usingizi umewakataa, wengine wana sonona, wengine kifafa, wengine wamesindikiza ndugu. Hospitali ipo toka 1927, imeona watu wa kila aina, wewe na kiatu chako kimoja hutamshtua mtu.

Kwanza kabla ya hapo nilianzia sehemu nyingine (siitaji), kila nikienda dokta mpya, kila dokta namuanzia hadithi toka mwanzo, na mtu mwenye tatizo letu ukimwambia aeleze toka mwanzo anaanzia kwenye harusi ya shangazi. Ndipo nikaandika karatasi moja: nani alinipima na lini, dawa gani, kipimo gani, ilinifanya nini, presha ilikuwa ngapi. Siku hizi natoa karatasi nanyamaza. Hata ukienda wapi, andika hiyo kwanza.

Mkongwe_Kizota
Siku hizi kila kitu ugonjwa. Sisi tulikuwa tunachapwa tunatulia. Kijana acha simu usiku, lala saa tatu, utaona kama utasahau madokezo.

NesiWaManyoni
Shikamoo mzee. Kwenye usingizi uko sahihi kabisa, kuna watu wanaonekana wana ADHD kumbe hawalali, au ni sonona, au tezi ya shingo, au pombe, ndiyo maana dokta mzuri anauliza hayo kwanza. Na ndiyo maana alimpigia mama wa huyu kijana, maana ili iitwe ADHD dalili lazima ziwe zilianza kabla ya miaka 12, na mtu mzima awe nazo angalau tano kwenye kundi moja, la kutotulia au la kushindwa kushika umakini, na zimvuruge sehemu zaidi ya moja, siyo kazini peke yake. Pia inatembea sana kwenye ukoo. Kuchapwa kunamfundisha mtoto kukaa kimya tu, kichwa ndani kinaendelea kuzunguka.

ZabibuKavu nikuulize, vidonge ulivyopewa ni vipi? Maana kulinganisha hospitali bila kujua dawa ni kazi bure.

ZabibuKavu
Ritalin dada. Ya asubuhi na ya saa saba mchana. Siku ya tatu nilimaliza faili la wiki mbili nikabaki nalitazama kama limeandikwa na mtu mwingine. Ila njaa ilipotea, mama watoto akaanza kuuliza nakula kwa nani.

NesiWaManyoni
😂 Hiyo ya njaa ni kawaida, kula vizuri kabla ya kumeza na usiku.

Haya sikiliza vizuri. Ritalin ni methilfenidati, ya kawaida inafanya kazi kama masaa matatu manne hivi inakwisha, ndiyo maana ulipewa mara mbili, zipo za kutoka taratibu kwa siku nzima kama Concerta. Ni stimulanti, yaani kichangamshi, na iko kwenye dawa zinazodhibitiwa kimataifa toka mkataba wa 1971, kwa hiyo haiuzwi kama Panadol, lazima cheti halisi cha daktari na famasi inaandika. Halafu kuna kitu wengi hawajui: Shirika la Afya Duniani liliombwa kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu 2019, likaombwa tena 2021, mara zote ikakataliwa. Nchi nyingi zinapanga dawa za serikali kwa kuangalia ile orodha. Kwa hiyo usishangae ukizunguka famasi hata muuzaji hajawahi kuisikia, siyo kwamba anakuficha.

Ya pili ni atomoksetini, hii siyo stimulanti. Ubaya wake ni taratibu, unaweza kumeza wiki nne mpaka sita au zaidi ndipo uone kitu, na mwanzoni tumbo linachafuka. Uzuri ikishakaa inakushikilia siku nzima. Zipo na za zamani za kundi la sonona kama imipramini, madaktari wanazitumia pale nyingine hazipatikani, ila moyo uangaliwe. Zote hizi presha na mapigo vipimwe kabla na kila ukirudi, na umwambie dokta kama kwenu kuna aliyefariki ghafla kwa moyo.

Kwa hiyo swali la kwanza siyo Mirembe au Dar. Swali ni dawa ipi utaipata mwezi wa sita kama unavyoipata mwezi wa kwanza. Piga simu famasi kwanza, ndipo ukae na daktari mchague.

BodaMsomi_UDOM
Niwe mkweli hapa hatujuani. Mimi sijapimwa ila yale maswali ya Shirika la Afya Duniani ya kujipima ADHD nimejaza, yale sita ya mwanzo nimegonga matano. Chuo chote nilisomea mirungi na kahawa. Usiku unasoma kama jenereta, asubuhi mtihani unafungua karatasi kichwani hamna hata jina la kozi, moyo unadunda kama ngoma ya Wagogo. Si ndiyo hiyo hiyo stimulanti tu bila foleni?

NesiWaManyoni
Hapana mdogo wangu. Ni kweli ndani ya mirungi kuna kathinoni na ni kichangamshi, ila hujui umekula kiasi gani, inakunyima usingizi ambao ndiyo unaohitaji, na kwa Tanzania ni kosa la jinai, ukikamatwa nayo chuo kimeisha. Na hayo maswali sita ni ya kukuambia nenda ukapimwe, siyo majibu. Nenda.

BodaMsomi_UDOM
Sawa dada 🙏

TreniYaAlfajiri
Mimi ni wa Dar na nimebaki Dar, kwa maana ya dokta. Naishi Ilazo, hapa hapa Dodoma. Sababu ni moja tu, yule dokta ananijua na mimi mtu akinijua ndipo nasema ukweli. Mwanzo nilikuwa naenda kila mwezi, pigia mahesabu: treni kwenda na kurudi 62,000, bajaji na kula weka 20,000, hapo hujamlipa dokta wala dawa, na siku ya kazi imekwenda. Nikifika jioni nimechoka hata zile faida za dawa sizioni. Miezi minne hivyo nikamwambia dokta ukweli mfuko umetoboka. Tukabadilisha, mimi natumia atomoksetini, kipimo kilivyotulia akasema nije kila miezi mitatu na katikati tunaongea kwa simu, presha napima hapa hapa mtaani naandika kwenye daftari namtumia.

Ila angalia, wewe ni wa Ritalin, hiyo ya kudhibitiwa sidhani kama atakubali kirahisi kukuacha muda mrefu bila kukuona. Kwa hiyo hesabu yangu haiwi yako. Na mkuu kuna kosa nilifanya usirudie: niliwahi kuagiza kwa jamaa anayetoka nje ya nchi, pakiti ikaja haina hata karatasi ndani, vidonge rangi tofauti. Nilivitupa chooni. Hela ya kodi ya meza ya wiki mbili ile.

BintiMpwapwa
Habari zenu. Niko upande wa mtandaoni, na nina mtoto mchanga nanyonyesha, dokta wangu akasema dawa tusubiri kwanza, kwa hiyo nimebaki na mwanasaikolojia kwa video. Mtandao kwetu ukiamua kukata unakata, kuna siku nililia mbele ya picha iliyoganda dakika nne nzima ndipo nikajua yule dada hayupo.

Ila imenisaidia. Inaitwa CBT, tiba ya mazungumzo ya kurekebisha mawazo na tabia, nilidhani ni kupigwa stori na kufarijiwa, kumbe ni kama fundi anakagua gari. "Jana ulichelewa, hebu nionyeshe ulichelewea wapi." Tukagundua siyo uvivu, ni kwamba nikiona dakika 20 zimebaki naanza kazi mpya. Sasa sheria yangu ni moja, ikibaki nusu saa nakaa karibu na mlango. Kingine alichonifundisha ni kufanya kazi na mtu, nampigia rafiki yangu tunaacha simu wazi hatuongei, yeye anapiga pasi mimi najaza ripoti. Ukisikia mtu anapumua upande wa pili unaona aibu kuinuka.

Kusema ukweli bila dawa nimefika nusu ya njia. Nikimaliza kunyonyesha nitaiongelea tena. Na mtu yeyote akikwambia yeye ni kocha wa ubongo, siku saba ADHD imekwisha, lipia leo kuna ofa, kimbia. Muulize kasomea wapi na anafanya kazi chini ya hospitali gani, akianza kukasirika umeshapata jibu.

ZabibuKavu
Nimewasoma wote, mara tatu, kidonge kimeisha kwa hiyo nisameheni 😅

Kinachonibakia rohoni ni bosi. Nimwambie? Nikikaa kimya naendelea kuwa mzembe, nikisema natolewa kwenye kamati.

MamaPacha_Kisasa
Hulazimiki kutaja jina la ugonjwa. Mimi nilimwambia wa kwangu hivi: "Bosi maagizo ya mdomo yananipotea, naomba unitumie hata meseji moja, na zile hesabu nzito nizifanye asubuhi." Basi. Hakuuliza kwa nini, alidhani nimejiongeza kikazi. Na ujue taarifa za afya yako zimelindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, siyo za kusambazwa kwenye korido. Najua korido zetu lakini, kwa hiyo chagua wa kumwambia.

Aliyenisaidia kuliko bosi ni mume wangu. Nilikwenda naye kliniki mara moja tu, akamsikia dokta kwa masikio yake. Toka siku ile hasemi "umesahau tena", anasema "tuangalie kwenye daftari". Mbebe mama watoto.

Mkongwe_Kizota
Mimi bado siamini. Lakini kama shida ni funguo na mifuko, piga msumari mlangoni, tundika kila kitu hapo. Mimi nina msumari toka 1998 sijawahi kupoteza ufunguo.

BintiMpwapwa
Mzee hiyo ndiyo tunayolipia kwa video 😂😂

ZabibuKavu
Mrejesho, wiki mbili baadaye. Nimeenda Mirembe alhamisi na mama watoto. Faili limefunguliwa, presha 128/84, yule wa Dar amekubali kutuma maelezo yake, tumeongelea kuhamia atomoksetini maana nilipiga simu famasi kama nesi alivyosema na majibu ya Ritalin hayakunipa moyo. Miadi wiki nne. Mwanasaikolojia wa video nitaanza naye mwisho wa mwezi, mara mbili kwa mwezi tu, mfuko ndipo unapofika.

Hakuna wa ofisini niliyemkuta. Nilimkuta jirani yangu wa Nkuhungu, tumerudi naye bajaji moja.

Na ile karatasi ya historia niliyoiandika usiku mzima nimeisahau kwenye hiyo bajaji.

MamaPacha_Kisasa
Uliipiga picha?

ZabibuKavu
Mama watoto aliipiga.