Naomba ushauri: kasa wa kandambili na haki ya akina mama waliookota

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mchongaji, niko Pangani. Tangu nione picha za Flipflopi, lile jahazi la Lamu lililoundwa kwa plastiki chakavu na kuvikwa kandambili kama 30,000, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, sijatulia. Nimeanza kuunda kasa mkubwa kwa kandambili zinazoletwa na maji.

Wanaoziokota ni akina mama saba wakulima wa mwani. Mwani wao mnene, ule wenye bei, unaoza kila maji yakipata joto, na wao hawana gari wala kiwanda kinachotoa moshi unaoongeza joto hilo. Hilo ndilo nataka kasa huyu aliseme.

Sasa kuna hoteli inamtaka, ila kibao kiwe na jina langu peke yangu. Moyo umekataa. Niwalipe akina mama kwa kilo, au tugawane bei ya mauzo? Mkataba tuuandikeje, na majina yao yaingieje? Tena gundi ya mafundi viatu inaachia juani. Aliyewahi kushona kandambili kwa mshipi wa nailoni anieleze, tafadhali.