Marashi ya machungwa yanapotea kabla ya kufika Kamanga: je, ni bandia?

Muulizaji, Nyegezi

Ndugu wana jukwaa, nawasalimu. Kaka yangu aliporudi kutoka Italia aliniletea chupa ya marashi mepesi, yale yaitwayo ya Cologne, ambayo kasha lake linasema yametungwa kufuata harufu ya pwani ya Mediterania: maganda ya malimau na machungwa, majani ya mtini, na upepo wa chumvi. Ninayapenda mno. Nikiyapuliza tu, chumba kinakuwa kama kuna mtu aliyemenya chungwa la Ukerewe dirishani. Shida ni kwamba hayakai. Juzi nilijipulizia shingoni na mikononi kabla ya kupanda kivuko cha kwenda Kamanga, ng'ambo ya ziwa kutoka hapa Mwanza, nikaketi juu penye jua, na tulipofika katikati ya maji sikuyasikia tena, ilhali udi ambao mama aliufukiza Jumapili ulikuwa bado umo katika khanga yangu. Je, kaka aliuziwa bidhaa bandia? Na kama ni halisi, nifanyeje yadumu?

Muuza marashi, Kirumba

Dada, usimlaumu kaka yako kabla ya kuyapima. Marashi ya namna hii kwa kawaida huwa na mafuta ya harufu ya asilimia 2 hadi 5 tu, na kinachobaki ni spiriti na maji, wakati pafyumu nzito huweza kufika asilimia 15 hadi 20. Tena harufu yenyewe ni ya kuruka: mafuta ya ganda la chungwa yana limonini, kemikali yenye harufu ya machungwa, kwa zaidi ya asilimia 90, nayo hupaa upesi sana, hasa kwenye ngozi iliyopigwa na jua na upepo wa ziwa. Udi unatokana na utomvu mzito wa mti, ndiyo maana unang'ang'ania nguo kwa siku kadhaa. Hivyo viwili havilinganishwi.

Pulizia karatasi nyeupe, uiache nusu saa ndani, kisha uinuse. Machungwa yatakuwa yameondoka, lakini marashi yaliyotungwa vizuri huacha nyuma harufu ndogo ya mti, majani au miski. Yasipoacha chochote ila ukali wa spiriti, hapo mimi ningeanza kuwa na shaka. Chupa usiiweke dirishani wala ndani ya gari, kwa kuwa joto na mwanga huichachua limonini.

Mzaliwa wa Tanga, sasa Capri Point

Mimi naomba kutofautiana kidogo na wazo la kutafuta yadumu. Aliyeanzisha marashi haya ya Cologne, Johann Maria Farina, alikuwa Mwitaliano aliyehamia Cologne, Ujerumani, na mwaka 1708 alimwandikia ndugu yake kwamba amepata harufu inayomkumbusha asubuhi ya masika ya Italia, yenye maua ya michungwa baada ya mvua. Mwaka uliofuata alianza kuyauza na kuyapa jina la mji ule uliompokea. Alikuwa anatunga harufu ya asubuhi, na asubuhi ya namna hiyo haichukui muda mrefu, hata hapa kwetu mvua inapokatika na mawe ya ziwani yanaanza kukauka.

Mwenye kujua danzi ataelewa zaidi. Mti huo mmoja wa machungwa machungu hutoa harufu tatu: maua yakichemshwa kwa mvuke hutoa neroli, majani na vitawi hutoa mafuta yenye ukijani na uchungu, na ganda likikamuliwa hutoa mafuta yake mengine. Ongeza bergamoti, tunda linalolimwa zaidi katika ukanda mwembamba wa pwani ya Calabria, kusini mwa Italia, kwa ajili ya ganda lake kuliko nyama yake, na umeshapata sehemu kubwa ya Mediterania iliyomo ndani ya chupa yako. Yakiisha, jipulizie tena. Yalitungwa yatumike kwa ukarimu.

Mfamasia, Nyamagana

Wote wamesema vyema, ila hakuna aliyegusa lile jua la kwenye kivuko, na hilo ndilo lililonishtua. Mafuta ghafi ya bergamoti yana bergapteni, kemikali ambayo ikikutana na mwanga wa jua juu ya ngozi huweza kuunguza na kuacha madoa meusi yanayokaa kwa miezi. Ni jambo lile lile linalowapata watoto wanaokamua ndimu juani, wakatoka malengelenge mikononi. Watengenezaji wengi siku hizi hutumia mafuta yaliyoondolewa bergapteni, lakini wanaochanganya wenyewe nyumbani kwa mafuta ghafi wawe waangalifu sana. Dada, pulizia mtandio au upindo wa khanga, shingo uiache. Jaribu kwanza pembeni mwa kitambaa, kisije kikapata doa.

Muulizaji, Nyegezi

Nawashukuru sana. Karatasi imebaki na harufu ya majani ya mtini, kwa hiyo kaka amesalimika. Jana nilipulizia mtandio peke yake, na niliposhuka Kamanga nilipouinamia bado niliisikia, kwa mbali.