Mjadala: Kariakoo ibadilishwe jina au iachwe?

Kijana wa Mbezi: Wakuu, Kariakoo ni Carrier Corps iliyopita kwenye midomo ya babu zetu, kikosi cha wapagazi wa Mwingereza vita ya kwanza ya dunia. Walibebeshwa risasi na unga wakafia porini kwa kuhara na malaria, leo tunaliimba jina hilo kwenye daladala. New Street ilipewa jina la Lumumba na dunia haikuisha, sasa hii inashindikana nini?

Fundi Saa: Acha kupotosha, jina ni la Mjerumani, yeye ndo alijenga soko

Dada wa Mchikichi: Mjerumani alijenga banda, akanyang'anywa mji 1916. Kambi ya wapagazi ikawekwa hapo na Mwingereza, jina likabaki. Nairobi nako kuna Kariokor, na kule alifika Mjerumani wako? Na soko hili la sasa ni la Beda Amuli, Mtanzania, lilifunguliwa 1975.

Fundi Saa: Haya mwalimu, fimbo weka chini

Mzee wa Sikukuu: Jina msiguse. Askari ana sanamu pale Posta tangu 1927, na bunduki yake. Mpagazi ana nini? Kariakoo basi.

Dada wa Mchikichi: Mzee wangu shikamoo, ila maandishi ya ile sanamu yanawataja na wapagazi.

Mzee wa Sikukuu: Marahaba. Kutajwa chini ya miguu ya mwenzio nako ni kutajwa?

Kijana wa Mbezi: Mzee samahani, we bado unalala mtaa wa Sikukuu kweli? Maana wenyeji mmeshauza nyumba zote mkakimbilia Chanika, huku mnalilia jina tu 😂

Mzee wa Sikukuu: Kijana una adabu mbovu. Nyumba ya baba ilikuwa vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani, warithi kumi na moja. Ghorofa kulia ghorofa kushoto, jua tunaliona saa sita tu, maji yao machafu yanatiririkia ukutani kwetu mpaka kitanda kinaota ukungu. We ungekaa?

Msimbazi Damu: Kwa hiyo mliuza?

Fundi Saa: Hahaha kaulizwa jina kajibu mirathi

Dada wa Mchikichi: Msimcheke. Kwetu shangazi aligoma kusaini miaka minne, mwisho kaka zake wakamwita mchawi.

Msimbazi Damu: Wa Jangwani ndo mnaongoza kwa kuuza, sisi tupo palepale Msimbazi 🦁

Fundi Saa: Klabu iliyojiita Sunderland mpaka 1971 leo inafundisha watu uenyeji

Msimbazi Damu: Mpira umeingiaje hapa? Umeanza wewe

Kijana wa Mbezi: Jamani turudi kwenye jina

Muuza Vitenge: Samahani naingilia, hiyo ghorofa ya Sikukuu ina fremu ya mbele? Kilemba sh ngapi?

Mzee wa Sikukuu: Muulize mwenye ghorofa. Mimi nipo Chanika.