Kabla hujanunua Yorkie: wenye nao njooni tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni.

Binti yangu wa darasa la tano kanibana mwezi wa nne huu. Anataka kile kimbwa kidogo chenye nywele ndefu za kuanguka usoni, kinachofungwa utepe kichwani. Yorkshire terrier, wenyewe wanaita Yorkie. Nimepata muuzaji hapa Dar anacho kimoja, dume, wiki saba, gramu mia saba, bei 1,200,000. Anasisitiza ni "wa kikombe", yaani hata akikua atabaki wa kuenea kwenye kikombe cha chai, ndiyo maana bei imechangamka.

Naishi Kimara, nyumba ya kupanga, geti moja wapangaji wanne. Mama watoto ni mtu wa zamu, mimi natoka saa kumi na mbili asubuhi narudi saa mbili usiku. Mbwa nimewahi kufuga kijijini. Simba alikula ugali na vichwa vya dagaa, akaishi miaka kumi na mbili bila kumjua daktari. Ila hawa wa ndani siwajui kabisa.

Wenye nao leteni ushuhuda, mazuri na mabaya, msinifiche kitu. Ijumaa natakiwa kutoa advansi.

Mzee wa Mbezi

Milioni moja na laki mbili? Mkuu, hapo unaongezea kidogo tu unapata mtamba wa maziwa.

Mama Tatu

Mzee wa Mbezi, mtamba halali kitandani na mtoto. Tuendelee.

Kaka, mimi nilinunua wangu akiwa na hizohizo wiki saba, naye nikaambiwa ni wa kikombe. Nikuhadithie usiku wa pili tu, halafu uamue mwenyewe.

Mchana alicheza vizuri. Jioni watoto wakambeba, huyu anampa yule, mpaka saa tatu. Chakula alinusa akaacha. Nikasema amechoka, nikamfunika kanga. Saa tisa usiku nasikia kitu kinagonga mguu wa meza, tik, tik, tik. Nawasha taa, namkuta anatembea kama mlevi, miguu ya nyuma inakwenda kwake na ya mbele kwake, kichwa kinajigonga. Halafu akaanguka ubavu, akaanza kutetemeka, fizi nyeupe kama karatasi. Nilijua nimeuziwa mbwa mwenye kichaa. Nikawafungia watoto chumbani.

Namba ya daktari nilikuwa nayo kwenye kadi. Nampigia, ananiuliza swali moja tu: "Amekula saa ngapi mara ya mwisho?" Saa saba mchana. Akasema sukari imeshuka, una asali ndani? Chovya kidole, mpake kwenye fizi, usimmiminie mdomoni atapaliwa. Nikapaka. Kama dakika kumi hivi, na mimi nimekaa sakafuni namwangalia, akaanza kulamba mwenyewe. Alfajiri tukaenda akatundikiwa dripu.

Tangu hapo mpaka alipofika miezi minne nilikuwa namlisha mara nne kwa siku, kidogokidogo, na ya mwisho saa tano usiku. Niliwekea kengele kwenye simu. Sasa wewe unatoka saa kumi na mbili na mama watoto yuko zamu. Saa sita mchana nani anamlisha?

Leo ana miaka sita, kilo tatu kasoro. Hicho kikombe sijui ni cha nani.

Mwana wa Kiambu

Yangu ni fupi kwa sababu mbwa mwenyewe sikumwona. Niliona picha, kamefungwa utepe mwekundu, nikatuma nusu ya pesa kwa simu. Kesho yake nikaambiwa niongeze ya kibali cha kusafirisha kwa ndege. Halafu ya sanduku maalum lenye matundu ya hewa, eti itarudishwa mbwa akifika. Nikatuma. Halafu bima. Hapo kwa bima ndipo ndugu yangu akaniuliza, kwani huyu mbwa anatoka wapi? Nikajikuta sijui. Namba ikazimwa jioni hiyo. Ile picha nimeiona mara tatu tangu hapo, na kila muuzaji ana jina lake.

Hapa Kenya mtu akikwambia mbwa wake ni wa nasaba, mwombe cheti cha usajili cha East Africa Kennel Club, halafu nenda umwone mbwa kwa macho. Pesa itoke mwisho.

Daktari wa Mifugo Mstaafu

Mtoa mada, nimetibu hawa kwa miaka mingi, nianze na hicho kikombe maana ndiko mnakoibiwa.

Hakuna aina ya Yorkie inayoitwa ya kikombe. Vilabu vinavyosajili mbwa vinamtambua mmoja tu, na uzito wake mkubwa unawekwa kilo 3.2 hivi. Wengi wana kilo mbili na kitu mpaka tatu. Akipungua sana hapo, kuna sababu. Aidha ameachishwa mama mapema, au minyoo imemjaa, au ana tatizo la ini ambalo mbwa hawa wanaongoza kwa kuzaliwa nalo. Kuna mshipa unachepusha damu, badala ya kupita kwenye ini isafishwe inazunguka pembeni na sumu yake. Mtoto anadumaa, na akila nyama nyingi anazubaa, anakodolea ukuta macho. Sasa angalieni biashara ilivyo: mbwa mgonjwa aliyedumaa anauzwa ghali kuliko ndugu zake wazima, kwa kuwa ni "wa kikombe". Nimekutana na hilo zaidi ya mara moja. Kipimo kipo, damu inachukuliwa kabla ya kula na baada ya kula, ila si kila kliniki ya mtaani inacho.

Wiki saba ni mapema. Mbwa wadogo namna hii wafugaji wazuri hukaa nao mpaka wiki kumi, hata kumi na mbili. Chanjo ya kwanza ni kati ya wiki ya sita na ya nane, inarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16, na ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu. Kwa hiyo akikwambia wiki saba na "chanjo zote amemaliza", huyo ni mwongo au hajui anachouza. Parvo, ule ugonjwa wa virusi wa matumbo, ikiingia kwa mtoto wa gramu mia saba, kutapika na kuharisha damu, mara nyingi siku mbili tatu ni nyingi.

Usiangalie mtoto peke yake, omba umwone mama yake. Mama ana kilo ngapi, anakohoa, anachechemea? Goti ndilo la kuangalia sana. Kile kifupa cha mbele ya goti kwa hawa hupenda kuhama njia yake, utaona mbwa anatembea, ghafla anarusha hatua tatu kwa miguu mitatu, halafu anaendelea kama hakuna kitu. Kifupa hicho kwa Kiswahili ni kilegesambwa. Nilipolijua neno hilo nilicheka peke yangu kliniki.

Rangi nayo. Yorkie huzaliwa mweusi mwenye mabaka ya kahawia. Ile rangi ya chuma inayong'aa huja baadaye, kwa miezi, wengine inapita mwaka. Mkionyeshwa cha wiki saba tayari kina fedha mgongoni, ulizeni maswali.

Na meno. Ya utoto ni 28, ya ukubwani 42, na kwa hawa ya utoto mara nyingi yanagoma kutoka, unakuta mawili yamebanana tundu moja. Yang'olewe, la sivyo akifika miaka mitano mdomo unanuka na meno nusu hana.

Bint Makadara

Nami naandika kama jirani, si mfugaji.

Kwetu Makadara, Mombasa, nyumba zimegusana kuta na ngazi ni moja. Mpangaji wa juu alileta kimbwa kama hicho, mtu mwema wa bara, twasalimiana vizuri. Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Mate ya mbwa yakikugusa waosha mara saba, moja kwa mchanga. Na kile kimbwa kilikuwa na mapenzi, kikiona mtu ngazini hukimbilia kulamba miguu. Mamangu ashatia udhu, ashuka aenda kuswali alasiri, kimemfikia. Arudi juu, aanza upya. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya tano hakucheka.

Hakuna aliyemtukana mwenziwe. Lakini kimbwa kile, mwenyewe akitoka kazini hajarudi, kilibweka tangu asubuhi hata magharibi, sauti nyembamba yaingia sikioni kama sindano. Mwezi wa tatu mwenye nyumba akamwita. Alihama yeye, mbwa hakumtoa.

Kwa hiyo ndugu yangu, wewe una wapangaji watatu wenzio. Umewauliza? Na mwenye nyumba je?

Joto nalo mliangalie. Kilikuwa chawekwa roshanini saa saba mchana, ulimi nje. Siku moja mwewe alishuka akatua ukutani hapo hapo, akikitazama. Kijana wetu ndiye aliyemfukuza kwa ufagio.

Nipo Leeds

Mimi ni mhudumu wa wazee, na niko hukuhuku Yorkshire alikotoka huyo mbwa. Bibi ninayemhudumia ana 81, mbwa wake ana 11, na nikisema ukweli kazi ya mbwa ndiyo kubwa.

Nywele zake si manyoya, zinakua kama za binadamu, hazikomi. Hazipukutiki sana, na hilo ndilo watu wanalolisifia, lakini zinafungana. Nikiruka siku mbili bila kuchana, nyuma ya masikio na makwapani panakuwa na madonge kama dredi changa, na kuyafungua ni kilio. Bibi wangu sasa anamnyoa fupi kila baada ya wiki sita. Utepe ulishaachwa zamani. Binti yako anataka utepe, sawa, ila ajue una kazi ya dakika ishirini kila siku.

Halafu kuna kukohoa. Akifurahi sana au akivuta kamba anatoa sauti kama bata bukini. Mara ya kwanza nilidhani amekwama mfupa, kumbe bomba lake la hewa ni laini, linajibana. Tangu hapo kamba haifungwi shingoni, anavaa mkanda wa kifuani.

Watu wanamwona pambo. Karne ya 19 wafumaji wa Scotland walihamia huku kufuata kazi za viwanda vya nguo, wakaja na vijibwa vyao, na kazi ilikuwa panya. Mbwa anayehesabiwa baba wa ukoo wote, Huddersfield Ben, alizaliwa 1865 mji usio mbali na ninapoandikia. Huyu wetu hana meno sita lakini akisikia kitu kwenye majani bustanini anageuka mwingine kabisa, humwiti akasikia.

Sheria ya huku England tangu 2020 ni kwamba mtoto wa mbwa chini ya miezi sita hauziwi dukani wala kwa dalali. Unakwenda kwa aliyemzalisha mwenyewe, na unaonyeshwa mtoto akiwa na mama yake. Daktari hapo juu amesema hivyohivyo, na huku mpaka wakatunga sheria.

Njiro Juu

Arusha hapa. Baridi ya mwezi wa saba inabidi avae sweta, na majirani wamenicheka sana. Kupe mtihani: akipita kwenye nyasi namkagua kwapani, masikioni na katikati ya vidole. Niliwahi kuzembea wiki moja, mkojo ukatoka rangi ya chai ya rangi. Homa ya kupe. Alipona, lakini kidogo tumzike.

Ila nataka kusema la mtoto, kwa kuwa mtoa mada ana binti. Mwanangu alikuwa na miaka tisa. Anampenda kupita kiasi, anambeba kutwa. Siku hiyo wako kwenye kochi, kengele ya geti ikalia, mbwa akaruka kutoka mapajani. Kochi la kawaida tu, halifiki magotini kwangu. Nilisikia "kak", kama unavunja kijiti cha mswaki. Mguu wa mbele, mifupa yote miwili. Daktari alisema mifupa hiyo kwa hawa ni kama njiti, na kochi ndilo linalowavunja zaidi. Ilibidi kuwekewa chuma, na aliyeweza kuweka ni mmoja tu, gharama ilizidi bei ya mbwa mwenyewe.

Mbwa anatembea vizuri sasa. Mwanangu ndiye hajapona. Mpaka leo hambebi. Anakaa chini sakafuni anamngoja aje mwenyewe.

Mzee wa Mbezi

Nafuta kauli ya mtamba. Au siifuti, sijui.

Mtoa mada

Wakuu, nawashukuru wote. Natoka kwa muuzaji sasa hivi.

Nilianza kwa kuomba kumwona mama. Akasema mama yuko Kibaha kwa shemeji yake. Nikasema Kibaha si mbali, Jumamosi naazima gari. Akanyamaza kidogo, akasema ukweli ni kwamba mama ameshauzwa. Nikaomba kadi ya chanjo. Kadi ipo, jina limeandikwa kwa kalamu ya bluu, stika za chanjo hakuna hata moja. Nikauliza alikula saa ngapi. Akaniangalia kama nimeuliza saa ya kusali.

Kitoto chenyewe kiko kwenye boksi la mafuta ya kula, chini kuna fulana kuukuu. Nilipokinyanyua kilinilamba kidole gumba, kikalala tena mkononi hapohapo. Mkuu Njiro Juu, kifua nilikisikia kwenye vidole, mbavu moja moja. Siwadanganyi, nusura nitoe hela. Kuna mwingine anakuja kesho kukiangalia, au ndivyo alivyosema.

Hela nimemrushia mama watoto nisikae nayo karibu. Binti nimemwambia tunasubiri likizo, mmoja wetu akiwepo nyumbani mchana, na tutamtafuta mwenye mama yake. Hajanisemesha tangu chakula cha jioni. Mwenye nyumba nimempigia, anasema atanijibu.

Swali langu la mwisho, daktari: kile kilichobaki kwenye boksi, hakuna wa kwenda kukitazama tu?

Daktari wa Mifugo Mstaafu

Nitumie ramani. Kesho asubuhi napita upande huo, na chupa ya asali huwa haitoki kwenye gari.