Maua ya ndani yanapunguza unyevu kweli? Kabati langu Tabata linaota ukungu

Mpangaji wa Tabata

Wadau, habari za jioni. Naishi Tabata, chumba na sebule, na dirisha la chumbani linatazama ukuta wa jirani. Tangu masika yaanze, shuka ukiilalia unahisi kama imeanuliwa kabla haijakauka.

Wiki iliyopita nilifungua kabati nitoe doti ya kanga niliyoachiwa na marehemu mama. Pindo zima lina madoa meusi madogo madogo, utadhani mtu kamwagia mbegu za mchicha. Nililia, sifichi. Nimefua mara mbili, uvundo umetoka, madoa yamegoma.

Mtandaoni nimeona video zinasema yapo maua yanayofyonza unyevu wa ndani: kangaga, lile lenye ua jeupe kama kijiko, na lile la majani yaliyosimama kama upanga. Jumamosi nikaenda kwenye vitalu vya kando ya barabara, nikarudi na vyungu saba. Vyote viko chumbani. Sasa hata kioo cha kabati asubuhi kinatoka jasho. Nimekosea wapi? Au niongeze mengine?

Kaka wa Kigamboni

Pole sana dada, hasa kwa kanga ya mama. Usiongeze kwanza. Mimi huweka bakuli la chumvi na mkaa ndani ya kabati, chumvi ikilowa nabadilisha.

Mwalimu Mstaafu wa Kilimo

Mwanangu, pole. Somo la kilimo nimelifundisha miaka 28 na hili la maua kufyonza unyevu linaniumiza, kwa sababu watu wanatumia hela zao kuongeza tatizo walilokuwa wakilikimbia.

Mmea wa chunguni haunywi hewa. Unakunywa kwa mizizi, na zaidi ya asilimia 95 ya maji hayo unayatoa tena kwenye majani yakiwa mvuke. Usiniamini mimi, chukua mizani ya jikoni. Mwagilia kangaga, subiri maji yaache kuchuruzika, funika udongo wote kwa nailoni uifunge kwenye shina, kisha pima. Kesho saa ileile pima tena. Langu lilipungua gramu 90. Udongo umefunikwa, kwa hiyo maji yale yalipitia majanini tu na kuingia chumbani. Vyungu saba vya namna hiyo ni zaidi ya nusu lita kwa siku.

Lile la majani ya upanga lina nafuu: hufungua vitundu vya majani usiku na kutumia maji kidogo sana. Halikudhuru, ila halikusaidii. Ipo mimea ya Amerika, Tillandsia, ambayo kweli hunywa maji kwa majani, lakini ni matone tu. Chumba hakitaona tofauti.

Kaka wa Kigamboni, chumvi ni kipimo kizuri kuliko dawa. Inaanza kulowa hewa ikifika karibu asilimia 75 ya unyevu, ndiyo maana kwenye kopo la mezani tunatia punje za mchele. Lakini haiwezi kuishusha hewa chini ya hapo, na hapo ukungu bado unaishi vizuri tu.

Mwanangu, niambie: unapika wapi, na nguo unaanika wapi?

Mpangaji wa Tabata

Shikamoo mwalimu. Napika kwa gesi kwenye kona ya sebule. Nguo za mtoto mvua ikinyesha naanika kamba chumbani.

Mwalimu Mstaafu wa Kilimo

Marahaba. Basi maji yako mengi yako hapo. Kilo 1 ya gesi ikiungua hutoa kama lita 1 na nusu ya maji. Mtungi wa kilo 6 ukiisha, lita 9 zimeingia hewani, bado mvuke wa sufuria. Funika sufuria, pika dirisha likiwa wazi, kamba ihamie barazani.

Siku isiyo na mvua fungua madirisha saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni, hewa ya nje ikiwa kavu kidogo. Alfajiri funga. Kabati lisogeze shibiri moja kutoka ukutani.

Halafu ukuta wenyewe. Kata kipande cha foili ya jikoni, kibandike ukutani nyuma ya kabati, kingo zote uzizibe kwa utepe wa gundi, kikae siku mbili. Kikilowa upande wa chumbani, ni hewa yako. Kikilowa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta, na hapo hakuna ua wala dirisha litakalosaidia.

Mpangaji wa Tabata

Narudi na majibu. Upande wa chumbani foili ni kavu kabisa. Nyuma yake imelowa, na rangi imeng'oka nayo, chini yake kuna unga mweupe wa chumvi. Bafu la mpangaji mwenzangu liko upande wa pili wa ukuta huohuo. Nimemwita baba mwenye nyumba, ameshika kwa mkono wake, fundi bomba anakuja Jumatatu.

Vyungu sita viko barazani. Nimebakiza kimoja cha upanga kwa sababu nakipenda. Kanga za mama nimezitoa kabatini zote, kwa sasa ziko kwa dada yangu Mbezi, ghorofani.

Mwalimu Mstaafu wa Kilimo

Ukuta uachwe ukauke kabla ya kupakwa rangi, mwanangu. Mwambie fundi asiharakishe.