Kumnywesha mtu dawa bila yeye kujua, ni sawa kama nia ni njema?

MajaniMabichi:
Habari zenu wakuu. Mi mitishamba nimejifunza kwa bibi tangu mdogo, na miaka hii ya karibuni nikaanza kusoma na mila za uchawi za watu mbalimbali, sio kwa ubaya, napenda tu kujua. Sasa rafiki yangu kaniomba nimtengenezee kitu cha kumrudisha mumewe, analia kila siku yani, anataka nichanganye majani amtilie kwenye chai halafu niyasomee maneno. Anasema hatumdhuru, tunamrudisha kwake tu. Wiki ya pili hii sijamjibu. Uganga na uchawi najua ni vitu viwili ila hapa sioni kimoja kinaishia wapi. Mnaonaje?

Kibuyu:
Usifanye. Jani ni lile lile kwa mganga na kwa mchawi, cha kuangalia ni linafanya kazi gani kwa nani. Soma habari za Wazande, kabila la huko Sudan Kusini na Kongo, mtafiti wa mila Evans-Pritchard aliandika kitabu juu yao mwaka 1937. Wenyewe wana mangu, kitu mtu anazaliwa nacho tumboni na kinaweza kudhuru wengine hata mwenyewe hajui, halafu wana dawa, ambazo mtu anazitumia akijua kabisa anachofanya. Na hizo dawa nazo hawaziweki kapu moja, ya kumsaka muuaji asiyejulikana ni halali kwao hata kama inaua, kwa sababu wanaamini inamfuata mwenye kosa tu, ila ile inayompiga yeyote bila kujali haki ndo wanaichukia. Kwa hiyo hilo swali lako watu wameumiza nalo kichwa zamani sana.

Mfamasia_wa_Zamu:
Maneno siyajui, niongelee majani. Mwaka 1785 daktari William Withering alitoa kitabu kuhusu dijitalisi, mmea wa dawa ya moyo, aliipata kwenye mchanganyiko wa mama mmoja wa mitishamba wenye mimea 20 na zaidi, akagundua inayofanya kazi ni huo mmoja. Inasaidia moyo, lakini ukizidisha kidogo tu inausimamisha. Haiperikamu nayo, lile ua la njano watu wanakunywa kwa huzuni, inapunguza nguvu ya dawa za kuzuia damu kuganda na vidonge vya uzazi wa mpango. Huyo mume anameza dawa gani? Mtu akijua anachokunywa akaanza kujisikia vibaya atamwambia daktari, asiyejua atasema nini?

Njia_Panda:
Kumnywesha hapana, nakubali. Ila maneno peke yake yana ubaya gani? Mbona tunawaombea watu dua bila kuwauliza. Hata Wicca, ile dini ya uchawi ya kisasa aliyoitangaza Gerald Gardner kule Uingereza miaka ya 1950, wanasema fanya utakalo ili mradi usimdhuru mtu.

Kibuyu:
@Njia_Panda hao hao wa Wicca wengi wao wanakataa uganga wa mapenzi unaomlenga mtu fulani, wanasema kumnyang'anya hiari yake tayari ni kumdhuru. Ukimwombea mtu dua, bado anaweza kubaki na msimamo wake. Limbwata linatengenezwa ili asiweze kusema hapana, ndo kazi yake hiyo. Na mke mwenyewe atakuja kujuaje kama anapendwa kweli?

MajaniMabichi:
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mumewe anatumia dawa za presha na mi wala sikuwaza kuuliza, nimetetemeka kwa kweli. Nimeenda leo nimemwambia sitengenezi, kakasirika, baadaye akalia tukakaa mpaka usiku. Halali vizuri huyu, nataka nimchemshie kamomili, yale maua ya chai ya kutuliza, yeye mwenyewe akijua na akikubali. Ila kuna vidonge vya usingizi kaandikiwa hospitali, @Mfamasia_wa_Zamu vinaenda pamoja au nisubiri?

Mfamasia_wa_Zamu:
Subiri kwanza. Kamomili nayo inaleta usingizi, vikikutana vinaweza kumlemea. Nitajie jina la kidonge.